Rampu peke yake haitoshi: nini kiingie kwenye ramani ya ofisi kabla ya zege

Swali: Sisi ni chama cha akiba na mikopo hapa Dodoma. Tunajenga ofisi yetu, sakafu ya chini na ghorofa mbili juu yake. Sakafu ya chini tumeinyanyua sentimita 75 kwa sababu kiwanja hutuama maji wakati wa mvua. Mchoraji wa ramani anasema akishaweka rampu mbele, suala la watu wenye ulemavu limekwisha. Tuna wanachama wanaotumia viti mwendo na wengine wasioona, na mhasibu tunayetarajia kumwajiri ni kiziwi. Lifti hatuimudu kwa sasa. Je, rampu inatosha? Kama haitoshi, tumwambie nini kabla hatujamwaga zege?

Jibu: Haitoshi, ila umeuliza wakati mzuri kuliko wote. Sehemu kubwa ya nitakayoyataja ikifanyika sasa ni kazi ya kalamu na kifutio. Ikisubiri jengo liishe, ni kubomoa na kulipa mara mbili.

Mwambie mchoraji aweke rampu kando kwanza. Atandaze ramani ya kiwanja kizima, achukue kalamu ya rangi, afuate njia ya mwanachama mmoja mwenye kiti mwendo: getini, mlangoni, kaunta, kwa afisa mikopo, chooni, chumba cha mkutano, kisha nje tena moto ukiwaka. Arudie kwa mtu asiyeona anayekuja na fimbo nyeupe, halafu kwa kiziwi. Kalamu ikikwama mahali, hapo ndipo penye kazi. Majengo mengi yaliyoshindwa yana rampu nzuri tu, lakini mtu akishaipanda anakuta mlango wa sentimita 70, au anaambiwa huduma anayoitaka iko juu.

Sheria nayo iko upande wenu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwa hiyo jengo lichorwe kwa ajili ya mteja na kwa ajili ya mfanyakazi pia. Huyu wa pili husahaulika: mhasibu hakai kaunta, anakwenda stoo ya mafaili, anapika chai, anapanda juu kwa meneja.

Tuanze na hizo sentimita 75, maana ndizo zitakazoamua mengi. Mteremko wa 1 kwa 12 ndio mkali kuliko yote unaokubalika katika viwango vingi vya kimataifa: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Zidisha 75 kwa 12, unapata mita 9, na hizo ni za mteremko mtupu. Chini, juu na katikati unahitaji sehemu bapa za mita 1.5 kila moja ili mtu apumzike na aweze kugeuza kiti. Jumla inafika mita 13.5. Hapa ndipo mafundi wengi hufupisha: wanaona nafasi haitoshi, wanaimwaga rampu kwa mita 4 na nusu. Huo ni mteremko wa 1 kwa 6. Mwenye kiti mwendo hawezi kuupanda kwa mikono yake, kiti kinaweza kupindukia nyuma, na anayemsukuma anateleza.

Kama kutoka getini hadi mlangoni kuna mita 18 au zaidi, ushauri wangu ni kuachana na rampu kabisa. Jazeni kifusi taratibu kuanzia getini, mshindilie tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15, mpandishe njia nzima kwa 1 kwa 20. Sentimita 75 mara 20 ni mita 15. Zinazobaki ni bapa ya getini na bapa ya mlangoni. Juu yake wekeni tofali za peving zilizokaa sawa. Watu wote watapita njia hiyohiyo: mzee mwenye fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana anayeleta maboksi ya karatasi, na mwenye kiti mwendo. Hakuna atakayeelekezwa azunguke nyuma. Angalieni mambo mawili. Kifusi kisiguse ukuta juu ya tabaka la kuzuia unyevu, isipokuwa pale mlangoni tu, la sivyo kuta zitanyonya maji. Na mbele ya mlango uwekwe mtaro mwembamba wenye wavu wa chuma, mvua isiingie ndani. Mianya ya wavu huo isizidi milimita 13, na vyuma vyake vikate njia, visilale kuifuata. Gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo, au ncha ya fimbo, likizama kwenye mwanya mtu anaanguka.

Nafasi isipotosha, jengeni rampu, lakini iwe rampu kamili. Upana mita 1.2 au zaidi kati ya vishikio. Mikondo miwili ya mita 4.5, katikati bapa. Vishikio pande zote mbili, kwenye kimo cha kama sentimita 90, na kingine cha chini yake kwenye sentimita 70 kwa watoto na watu wafupi. Vyote vizidi mwisho wa mteremko kwa sentimita 30 ili mtu ashike kabla hajaanza kupanda. Kingo ziinuliwe angalau sentimita 10, gurudumu lisitoke nje. Juu pawe zege lililopigwa ufagio kukata njia, wala msikubali vigae vya kung'aa hata kama mkandarasi atasema vinapendezesha. Vikilowa havipandiki. Na ngazi zibaki kando ya rampu, msizifute. Mtu mwenye mguu wa bandia au mwenye goti bovu mara nyingi huona ngazi chache zenye kishikio ni nafuu kuliko mteremko mrefu.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1.2, uweke pima maji juu yake, uulaze sawasawa ncha moja ikigusa mteremko. Upande wa pili, nafasi kati ya ubao na sakafu isizidi sentimita 10. Ikizidi, mteremko umeshapita 1 kwa 12. Ipimwe fomu ya mbao kabla zege halijamwagwa, kwa sababu likishakauka kila mtu atakuomba uvumilie.

Nje pia tengeni sehemu moja ya kuegesha gari karibu na mlango, upana mita 3.6, ili mlango wa gari ufunguke wote na kiti kikae ubavuni. Kwetu lakini wengi hawaji kwa gari. Wanakuja kwa bajaji au kwa baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono, na baiskeli hiyo ni ndefu, haigeuki katika mita 1.5 wala haiingii kaunta. Wekeni kivuli na sakafu bapa karibu na mlango pa kuiegesha, na chama kiwe na kiti mwendo chake kimoja cha kutumia ndani. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya jengo, na kinamwokoa mtu kutambaa sakafuni mbele ya wanachama wenzake. Kisha mlinzi aelekezwe kwamba pikipiki haziegeshwi kwenye njia hiyo hata kwa dakika tano.

Milango ndiyo kosa linalojificha zaidi, kwa sababu kwenye ramani huonekana iko sawa. Ramani inaandika "90" na kila mtu anaamini mtu atapita sentimita 90. Fundi anaacha tundu la sentimita 90 ukutani. Fremu ya mbao inakula kama sentimita 5 kila upande. Mlango wenyewe una unene wa sentimita 4 hadi 4.5, na ukifunguliwa wima unabaki ndani ya njia. Nafasi halisi inayobaki ni kama sentimita 76. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya anayekisukuma inatoka nje ya magurudumu. Anapita kwa kukwaruza vidole, na akija kwa kona hapiti. Kwenye ramani andikeni "upana wa kupita baada ya mlango kufunguliwa: sentimita 85". Ili upatikane, tundu la ukutani liwe mita 1. Agizo hilo lifike kwa fundi kabla linta, yaani mihimili ya juu ya milango, hazijakaa.

Upande wa kitasa, pale unapouvuta mlango kuja kwako, acheni sentimita 45 hadi 60 za ukuta mtupu. Bila hizo, aliyekaa kwenye kiti anaufikia mkono wa mlango lakini hawezi kuuvuta, maana yeye mwenyewe ndiye anayeuzuia. Vitasa viwe vya mkono wa kubonyeza, visiwe vya duara, kwenye kimo cha sentimita 90 hadi 105. Kizingiti kisizidi sentimita 1.3, na kichongwe mshazari. Grili ya usalama mnayofunga jioni nayo ina fremu yake na chuma cha chini. Ikiwekwa baada ya makabidhiano, hurudisha kizingiti mlichokwisha kukiondoa. Iingizeni kwenye ramani sasa.

Ndani, korido za mita 1.5 zinatosha ofisi ndogo. Kaunta iwe na sehemu yenye kimo kisichozidi sentimita 76, upana mita 1.5, na uwazi wa magoti wa sentimita 70 chini yake. Ikijazwa droo mpaka chini, mteja atalazimika kukaa ubavu ubavu huku akisaini. Swichi ziwe sentimita 100 hadi 110, soketi zisishuke chini ya sentimita 40.

Choo kinahitaji maelezo marefu, maana hapo ndipo heshima ya mtu inapolindwa au kupotea, na ndipo vipimo vinapoharibika kwa sentimita chache tu. Ukubwa wa ndani usipungue mita 1.5 kwa 2.2, baada ya plasta na vigae. Bakuli la kukalia lisiwekwe katikati ya ukuta. Likae upande mmoja, katikati yake ikiwa sentimita 50 kutoka ukuta wa pembeni, ili upande wa pili ibaki kama mita 1 kutoka katikati ya bakuli hadi ukutani, pa kuegesha kiti mwendo sambamba nalo. Mtu anahama kwa kujivuta kwenda kando. Uwazi huo ukipotea, choo hakitumiki hata kama kina alama nzuri mlangoni. Kimo cha kukalia kiwe sentimita 48. Mabakuli mengi ya madukani yana sentimita 40 hadi 42, kwa hiyo nunueni la kimo kirefu au lijengewe msingi mdogo usiozidi upana wa kitako chake, magurudumu yasikwame.

Vishikio ndivyo vinavyobeba uzito wote wa mwili, mara nyingine kwa ghafla. Kimoja cha mlalo ukutani kwenye sentimita 68, kingine cha kukunjwa upande wa uwazi, sentimita 32 kutoka katikati ya bakuli. Unene milimita 32 hadi 40 ili kiganja kikizunguke, na nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani. Ikizidi sana mkono hupenya na kunasa. Kosa kubwa ni kuvikaza kwa plagi za plastiki kwenye tofali zenye matundu. Vinakaa miezi kadhaa, halafu siku moja vinang'oka na mtu. Ukuta huo ujengwe kwa tofali zisizo na matundu, au matundu yajazwe zege kwa urefu wote, na boliti zipite kwenye kitu kigumu. Siku ya makabidhiano mtu mzima ajining'inize kwenye kila kishikio.

Sisi hujisafisha kwa maji, na jambo hili michoro ya kunakili kutoka nje hailioni. Bomba la mkono la kujisafishia liwe upande wa ukuta, mahali ambapo aliyekaa analifikia bila kugeuka. Lisipowekwa, patakuja ndoo na kopo, na ndoo itakaa palepale pa kuegeshea kiti. Sakafu iwe ya vigae vyenye mkwaruzo, imeinamia tundu la maji kwa 1 kwa 50, si zaidi, kiti kisiteleze wakati mtu anahama. Sinki la kunawia liwe na ukingo kwenye sentimita 72 hadi 74, lisibebwe na nguzo inayozuia magoti. Mlango ufunguke kwa nje: mtu akianguka ndani na mlango unafunguka kwa ndani, mwili wake unaufunga. Uwe na fimbo ya mlalo upande wa ndani ya kuuvutia, na komeo linalofunguka kwa nje kwa sarafu. Kamba nyekundu ya kuomba msaada ishuke hadi sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu anayeihitaji zaidi ni yule aliyekwisha anguka. Wasafishaji hupenda kuifunga fundo juu, wakatazwe. Na kabla hamjamaliza jengo, tengeni stoo ya mafagio na maboksi. Ofisi isiyo na stoo hukifanya choo hiki kuwa stoo.

Sasa lifti. Kama fedha haipo leo, jengeni tundu lake leo. Lifti ya watu 8, kilo 630, yenye chumba cha mita 1.1 kwa 1.4 na mlango wa sentimita 80, ndiyo ndogo kuliko zote inayomfaa mwenye kiti mwendo akiwa na mtu mmoja. Mhandisi aombe michoro kwa muuzaji, kila kampuni ina kimo chake cha shimo la chini na cha nafasi ya juu, kisha afunge mihimili kuzunguka tundu kwenye kila jamvi, yaani sakafu ya zege ya kila ghorofa. Tundu lenyewe lifunikwe kwa mbao au kwa jamvi jepesi linaloondoleka, patumike kama kabati. Kukata jamvi la zege lililokwisha beba jengo ni kazi ya hatari na ya ghali mno. Mpaka lifti ije, huduma zote za wanachama, chumba cha mkutano mkuu na ofisi moja ya meneja ziwe chini. Ikija, iwe na betri ya kuishusha hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango umeme ukikatika. Vibonye visizidi kimo cha mita 1.2, viwe na namba zilizoinuka na nukta za Breli, na sauti itaje ghorofa.

Kwa wasioona, hatari kubwa iko kwenye vitu vinavyoning'inia. Fimbo inagundua kilicho chini. Haigundui kiyoyozi cha ukutani, kizima moto kilichotokeza, wala dirisha linalofunguka kuja kwenye njia. Kitu chochote kilichotokeza zaidi ya sentimita 10 kati ya kimo cha sentimita 70 na mita 2 kiingizwe ukutani au kishushiwe kitu chini yake. Chini ya ngazi pazibwe mpaka kimo kifike mita 2.1. Mitaro yote ya wazi kiwanjani ifunikwe. Vidato vya ngazi vilingane vyote, sentimita 15 hadi 17 kwenda juu, 28 hadi 30 kwenda mbele, kila ukingo ukiwa na mstari wa sentimita 5 wa rangi inayotofautiana. Kidato cha kwanza au cha mwisho ndicho hupishana na vingine, kwa sababu unene wa vigae haukuhesabiwa mapema. Vigae vya vinundu, ambavyo Seiichi Miyake alivibuni Japani mwaka 1965, viwekwe mahali pa onyo tu: kabla ya ngazi za kushuka na penye kuvuka njia ya magari. Vikitapakazwa kila mahali vinapoteza maana, na vinamsumbua mwenye kiti mwendo.

Wanachama wengi wenye ualbino na wenye uoni hafifu hawahitaji fimbo, wanahitaji rangi na kivuli. Fremu ya mlango itofautiane na ukuta, kishikio kitofautiane na ukuta, sakafu isiakisi jua. Milango ya vioo ichorwe mistari miwili, mmoja kwenye mita 0.85 hadi 1, mwingine mita 1.4 hadi 1.6. Kaunta isitazame dirisha kubwa la magharibi.

Mwelekeo huo wa kaunta unamgusa pia mhasibu wenu na kila kiziwi anayekuja. Anayesoma midomo au ishara anahitaji uso wa mwenzake uwe kwenye mwanga. Dirisha likiwa nyuma ya mhudumu, uso wake unakuwa kivuli. Namba za foleni zionekane kwenye skrini, zisiitwe kwa sauti tu. Meza ya mhasibu ielekezwe mlangoni ili amwone anayeingia. King'ora cha moto kiwe na taa ya kumweka katika kila chumba, chooni kwanza, maana huko mtu anakuwa peke yake na hakuna wa kumgusa bega.

Moto unanirudisha ghorofani. Lifti haitumiki wakati wa moto, kwa hiyo kwenye kila ghorofa, ndani ya eneo la ngazi lililokingwa kwa mlango wa kuzuia moto, pawe na nafasi ya sentimita 90 kwa mita 1.4 isiyozuia wanaoshuka, yenye kengele au simu ya kuita. Mtu anasubiri hapo huku waliopangwa wakimshusha kwa kiti maalumu cha kushukia ngazi. Waliopangwa wawe na majina na wafanye mazoezi. Mipango hii ipelekeni kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pamoja na ramani, isiwe baadaye.

Kuhusu kusimamia, vipimo nilivyotaja viandikwe kwenye mkataba na kwenye mchanganuo wa gharama, kila kimoja kama kazi inayolipwa. Visipoandikwa, mkandarasi ataviita nyongeza. Kagueni mara nne: kimo cha sakafu kabla ya jamvi, matundu ya milango kabla ya linta, bomba la choo kabla ya vigae, na jengo lote kabla ya kulipa bakaa, yaani malipo ya mwisho mliyoyazuia. Bomba la maji taka ndilo linaloamua bakuli litakaa wapi. Likishazikwa sentimita 20 pembeni, choo chote kimekwenda.

Ukaguzi wa ramani na ule wa mwisho msiufanye peke yenu. Waiteni wanachama wenu wenyewe wenye ulemavu, na muombe watu kutoka CHAWATA (chama cha watu wenye ulemavu), Chama cha Wasioona na CHAVITA (chama cha viziwi), mkiwa na mkalimani wa lugha ya alama. Walipeni kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine. Mwenye kiti mwendo aingie chooni, afunge mlango, ahame, afungue maji, atoke bila kusaidiwa. Asiyeona atoke getini hadi kaunta bila kuongozwa. Kila walipokwama, bakaa isitoke mpaka parekebishwe.